Jibu: Kutoka maabara kwenda umeneja wa miradi ya utafiti

Mkuu, umeuliza kama mwenye masters ya baiolojia ya molekuli na miaka 2 ya maabara aanze na PhD au PMP (cheti cha kimataifa cha umeneja wa miradi) ili awe meneja wa miradi ya utafiti. Kwa sasa, hakuna hata kimoja. PMP inadai miezi 36 ya kuongoza miradi hata kwa mwenye digrii, utagonga mwamba tu. CAPM, cheti cha ngazi ya chini yake, haidai uzoefu, lakini nayo isubiri.

Anzia hapo ulipo. Mwombe mtafiti mkuu wako akupe kazi wanazozikwepa wenzako: bajeti, ripoti ya mfadhili, kufuatilia vibali. Mimi niliingilia kwenye kuagiza vitendanishi (kemikali na vimeng'enya vya maabara). Mzigo wetu ulikwama uwanja wa ndege siku 4 kwa karatasi moja iliyokosewa, barafu kavu ikaisha yote, vimeng'enya vikaenda jalalani. Tangu siku ile nina jedwali la kila kibali na tarehe yake ya kuisha: cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kama kuna dawa au chanjo inayojaribiwa. Jedwali hilo ndilo lililonipa kazi, si cheti (vyeti ninavyo, vimelala kabatini).

Majaribio makubwa kama ya chanjo ya malaria R21 pale Bagamoyo hayaendi bila waratibu. Omba uratibu kwanza, umeneja baadaye. PhD ifuate ukitaka kuongoza sayansi yenyewe. Kwenye kubishana na mhasibu haitakusaidia.

Una cheti cha GCP (mafunzo ya kanuni za kuendesha majaribio kwa binadamu) tayari? Kama huna, ifanye mwezi huu.