Jibu: Nani huamua kuhusu kidonda cha mama?

Pole sana, dada. Umeuliza kwa nini muuguzi huko Kisumu alikataa kubadilisha dawa ya kidonda cha mguu cha mama, mwenye kisukari, kabla ya kumwita daktari. Hakumpuuza. Yeye ndiye anayekiona kila kikifunguliwa: anapima urefu na upana kwa rula, anaangalia usaha, ananusa. Lakini mguu ukiwa baridi na mapigo ya damu hayasikiki, bandeji peke yake haitoshi. Lazima daktari aangalie mishipa ya damu. Sukari nayo idhibitiwe. Eneo la kidonda lisipopungua kwa nusu ndani ya wiki 4, waombe wakae pamoja wapange upya, mama akiwepo. Yeye ndiye anayejua kama ataweza kutoukanyagia ule mguu, na ng'ombe wanamngoja nyumbani.