Kibanda cha kuwindia bata: nguvu zako ziweke kwenye nguzo

Kibanda cha kuwindia bata kinamasini hakiangushwi na paa bovu. Huangushwa na nguzo, na nguzo huanza kuoza pale inapokutana na uso wa maji. Sehemu iliyozama matopeni hukosa hewa, kwa hiyo kuvu wanaoozesha mti hawastawi humo. Ya juu hukaushwa na upepo. Kinacholika ni ule ukanda wa katikati unaolowa na kukauka kila maji yanapopanda na kushuka.

Ndiyo maana mimi hubana matumizi kwingine kote lakini si kwenye nguzo. Nunua zilizotiwa dawa ya mbao za kukaa ardhini na majini. Ukilazimika kufupisha nguzo, kata upande wa juu: msumeno hufichua moyo wa mti ambao dawa haikuufikia, na hutaki moyo huo uwe chini. Bolti, nati na washa ziwe za chuma kilichopakwa zinki nzito au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu dawa zenye shaba hula chuma cha kawaida upesi. Misumari iachie kazi ndogondogo. Upepo na mawimbi hutikisa kibanda mchana na usiku, na msumari huchomoka kidogo kidogo bila wewe kujua.

Kabla ya kusimamisha chochote, tembea na fimbo ndefu ya chuma, uichome matopeni mpaka igote kwenye udongo mgumu. Fanya hivyo kila mahali nguzo itakaposimama, maana hatua mbili tu zinaweza kubadilisha kina kabisa. Nguzo ivuke tope laini na kuingia kwenye udongo huo. Usipoufikia, funga ubao mpana chini ya nguzo ili uzito usambae. Kisha unganisha nguzo kwa mbao za mshazari pande zote. Bila hizo kibanda hulala upande mmoja. Maji yakiganda kwenu, mishazari ikae juu ya usawa wa barafu, kwani barafu hushika mbao na kuzisukuma au kuzinyanyua.

Sakafu ipande juu ya alama ya mafuriko makubwa, ile michirizi ya tope kavu kwenye mashina. Acha nafasi ya kidole kati ya mbao ili maji yapite. Mbwa naye ajengewe ngazi ya mteremko. Akichoka kuparamia kwenye baridi, atakataa kuingia majini.

Bata hutua wakikabili upepo, basi mgongo wa kibanda uelekee unakotoka upepo wa msimu, na jua la asubuhi lisikupige machoni. Wanakutazama kutoka juu, hivyo paa la nusu linalokutia kivulini lina faida kuliko ukuta mnene wa mbele. Matete yatoke kinamasi hichohicho, yafungwe kwa mafungu yaliyosimama kwenye wavu wa waya, yasipangwe sawasawa mno. Haya utayabadilisha kila mwaka, na ni kazi ya siku moja.

Jenga mapema, miezi kadhaa kabla ya msimu, bata wakizoee. Na kibali cha mwenye ardhi au mamlaka ya eneo kipatikane kabla nguzo ya kwanza haijagusa tope. Kwingine vibanda vya kudumu haviruhusiwi, na hapo jenga cha kuelea utakachokiondoa msimu ukiisha.