Ukizidiwa na Madeni, Omba Mpango wa Kulipa Unaofuata Giza na Mbalamwezi

Biashara ya dagaa hapa Kigoma haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, na taa hizo huvuta dagaa vizuri pale tu anga linapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake huzishinda taa, mitumbwi hupumzika mwaloni, na sisi tunaonunua, kuanika na kusafirisha tunakaa bila mzigo kwa siku kadhaa mfululizo. Hata giza likirudi, mvua inaweza kuharibu mzigo ambao tayari umeanikwa kwenye vichanja. Pamoja na hayo, mikopo mingi tunayopewa Katonga, Kibirizi na Mwanga inadai rejesho kila wiki, siku ileile na saa ileile, bila kujali kama ziwani kulivuliwa au hakukuvuliwa.

Nimefanya biashara hii kwa miaka mingi, na mwaka 2024 nilikuwa nadaiwa kwa wakati mmoja na SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), na kampuni ya mikopo, na kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Serikali ilisitisha uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka huo ili samaki wapate kuzaliana, uamuzi ambao naamini ulihitajika, lakini marejesho hayakusitishwa. Nilitoka katika hali hiyo kwa mpango wa kulipa uliokubaliwa na wadai wote watatu. Ninaandika kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo ambaye sasa hivi anazima simu anapoona namba ya afisa mikopo, kwa sababu najua hali hiyo inavyomtesa mtu na nyumba yake.

Mpango wa kulipa ni makubaliano ya maandishi kati yako na wanaokudai, yanayobadilisha kiasi cha kila rejesho, tarehe za kulipa na muda wa kumaliza, na mara nyingi kusimamisha faini za ucheleweshaji. Wengine huita kupanga upya mkopo. Huombi kusamehewa deni, na ni vizuri ulielewe hilo kabla ya kwenda, kwa maana anayekwenda kuomba huruma husikilizwa tofauti na anayekwenda na hesabu. Mkopeshaji naye ana sababu ya kukubali: mteja anayelipa kidogo bila kukosa ana faida kwake kuliko mteja aliyehama mtaa.

Kabla ya mpango, yapo mambo ambayo watu wengi hukimbilia, nayo ni kukopa huku ili kulipa kule. Mikopo ya kausha damu hustawi hapo hasa. Mtu anayekupa shilingi 100,000 leo na kutaka 130,000 baada ya mwezi anakutoza riba ya asilimia 30 kwa mwezi, wakati Benki Kuu ya Tanzania imeelekeza kwamba wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, wasitoze zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ya kwenye simu nayo iangaliwe kwa makini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wala usimkabidhi mkopeshaji yeyote kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, hata akisema ndiyo dhamana anayoikubali, kwa sababu siku hiyo unakuwa umempa uwezo wa kujilipa kabla watoto wako hawajala.

Kazi ya kwanza ni daftari. Andika kila deni katika ukurasa wake: kiasi ulichopokea mkononi baada ya kukatwa ada, kiasi ulichokwisha kulipa, kiasi kilichobaki, dhamana uliyoweka, jina la mdhamini, na namna riba inavyohesabiwa. Hilo la mwisho linastahili muda wako, kwa kuwa watu wengi huangalia asilimia peke yake. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi sita kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, utalipa 21,000 kila mwezi, jumla 126,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, huku ukirudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi, riba yote itakuwa 73,500. Asilimia ni ileile na muda ni uleule, lakini tofauti ni zaidi ya shilingi 50,000. Unapoomba mpango mpya, omba pia riba ya kipindi kilichobaki ihesabiwe juu ya salio. Kama huna nakala ya mkataba, idai. Ni haki yako, na bila mkataba hesabu zako zitapingwa.

Ukurasa unaofuata ni wa mapato, nao ndio utakaokutetea. Rudi nyuma miezi kadhaa, uandike juma kwa juma mzigo uliouza na faida iliyobaki baada ya nauli, chumvi, magunia na ushuru. Toa chakula, kodi ya nyumba na ada za shule. Halafu toa mtaji, na hapa nitasema kwa msisitizo: mtaji usiuguse. Nimewaona wanawake wenzangu wakimaliza mtaji wote kumlipa mdai mmoja aliyekuwa akipiga kelele kuliko wengine, wakaenda mwaloni giza lilipoingia wakiwa hawana hata cha kununulia ndoo moja, na wadai wawili waliobaki wakakosa kabisa. Kiasi kinachobaki baada ya hayo ndicho unachoweza kuahidi, hata kama ni kidogo kuliko unavyotamani.

Kiasi hicho kigawe kwa wadai wote kulingana na ukubwa wa deni la kila mmoja. Tuseme unadaiwa 1,200,000 na SACCOS, 600,000 na kampuni na 200,000 na kikoba, jumla 2,000,000, na unaweza kutoa 150,000 kwa mwezi. SACCOS itapata 90,000, kampuni 45,000 na kikoba 15,000. Faini na riba zikisimamishwa, deni litaisha katika muda wa miezi 14; riba ikiendelea muda utaongezeka, na ni lazima uujue kabla ya kutia saini. Mgawo wa namna hii una faida kubwa moja, kwamba kila mdai anaona mwenzake amepewa nini na hakuna anayehisi amefichwa. Deni lenye nyumba au kiwanja kama dhamana linaweza kuhitaji kupewa uzito zaidi, lakini hilo nalo uliseme waziwazi mbele ya wengine.

Sasa nije kwenye tarehe, jambo ambalo maofisa wengi wa mikopo hawalifikirii kwa sababu wao hulipwa kwa kalenda. Mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, kwa hiyo siku za giza hujirudisha nyuma kwenye kalenda karibu siku moja kila mwezi, na katika mwaka mzima hufikia siku kama 11. Tarehe ya kulipa inayoangukia mwishoni mwa giza mwezi Januari, ukiwa umeuza na una fedha, haitakuwa hapo tena ifikapo mwisho wa mwaka. Itakuwa imesogea na kuingia katika siku ambazo mitumbwi imelala. Kwa sababu hiyo, mpango wa mfanyabiashara wa dagaa usiwe wa kila wiki. Uwe wa mara moja kwa mwezi, wenye siku saba za ziada bila faini, na uwe na kifungu kinachosema kwamba uvuvi ukisitishwa na Serikali, rejesho litapungua hadi kiasi mtakachokubaliana kwa kipindi hicho. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua angeomba vingine, kwa kuwa fedha yake huja masoko yanapofunguliwa. Kila mtu apange kwa namna fedha yake inavyoingia.

Afisa mikopo wa kampuni iliyokuwa ikinidai alikuwa kijana mwenye adabu, na alipokuja alinisikiliza akiwa amesimama, begi begani. “Mama, ofisi inataka rejesho, haitaki maelezo,” akaniambia. Nikamwomba aketi, nikamfungulia daftari kwenye ukurasa wa mauzo, nikamwonyesha majuma yaliyokuwa na mzigo na majuma yaliyokuwa matupu, kisha nikamwambia: “Mwanangu, sikuombi unipunguzie hata shilingi ya mkopo. Naomba kiasi ninachokiweza, tarehe ninazoziweza, na faini zisimame.” Alinyamaza akipitisha kidole kwenye safu ya tarehe, halafu akauliza kama anaweza kupiga picha ukurasa ule ampelekee meneja wake. Nilichojifunza hapo ni kwamba afisa anayekuja nyumbani mara nyingi hana mamlaka ya kubadilisha mkataba, bali hupimwa kwa makusanyo yake, na kugombana naye hakusaidii. Mpe karatasi inayoweza kusafiri hadi kwa anayeamua, na uombe kuonana na huyo anayeamua.

Kikao chenyewe na wadai wote nakushauri ukifanye mbele ya mtu wa tatu. Mimi nilimwomba afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwenyekiti wa mtaa akawa shahidi. Uwepo wao ulibadilisha sauti za watu, na pia uliwazuia wadai kuvutana wenyewe kwa wenyewe. Kila kilichokubaliwa kiliandikwa: salio la siku hiyo, kiasi cha kila mwezi, tarehe, faini zilizosimamishwa, na hatua itakayochukuliwa nikikosa rejesho moja. Usikubali maneno ya mdomo kama “wewe lipa tu tutaangalia”, kwa sababu afisa huhamishwa na atakayekuja hatajua mliongea nini.

Kwa kikoba mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa wanaokudai ni jirani zako na kuna siku ya kuvunja kikoba ambayo kila mmoja anaisubiri. Omba hisa zako zihesabiwe dhidi ya deni, ili kinachobaki kiwe kidogo na kilipwe kabla ya siku ya kugawana. Zungumza na mwenyekiti na mweka hazina kabla ya kikao cha kikundi, lakini usiwaombe wakufichie. Wanachama huvumilia kucheleweshewa kuliko kufichwa.

Mdai akikataa kabisa, au akikutoza kinyume cha mkataba, kuna pa kwenda, na inategemea ni mdai wa aina gani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne. Malalamiko dhidi ya SACCOS yapeleke kwa afisa ushirika, kwa kuwa SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ya kikundi cha kijamii yapeleke halmashauri. Ya kampuni ya mikopo au mkopeshaji binafsi yaandikie Benki Kuu, baada ya kuwa umelalamika kwanza kwa maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe na kutunza nakala. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kukusaidia kuandika barua hizo bila malipo.

Shauri likifika mahakamani, usikose kuhudhuria. Mahakama ina mamlaka ya kuamuru deni lilipwe kwa awamu ikiona sababu ya kutosha, na daftari lako ndilo ushahidi wa sababu hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai pia inakataza kukamata vitu fulani katika kutekeleza hukumu, vikiwemo nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi. Mtu anayekuja na vijana kubeba sufuria kwa nguvu bila amri yoyote ya mahakama aelezwe hivyo kwa utulivu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na akiendelea, ripoti polisi.

Ukishaanza kulipa, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, iwe benki au simu, na utenge fedha ya rejesho siku ileile mzigo unapouzwa, kabla haijachanganyika na ya nyumbani. Ukiona mwezi huu hutafikisha, toa taarifa kabla ya tarehe, si baada yake. Mara moja iliwahi kunilazimu kufanya hivyo kwa sababu ya mvua iliyoharibu mzigo, na hakuna aliyepandisha sauti.

Siku ya rejesho la mwisho, dai barua ya kumaliza deni yenye mhuri, dhamana yako irudishwe, na baadaye uhakikishe kwamba taarifa zako katika taasisi za kumbukumbu za mikopo, kama Creditinfo, zinaonyesha deni limelipwa, kwa sababu wakopeshaji wengine huangalia huko kabla ya kukupa mkopo. Nakala ya barua hiyo mpelekee mdhamini wako. Jina lake limekaa kwenye mkataba muda wote huo, naye ana haki ya kuona kwamba limetoka.