Dadu mbili chini ya kikombe

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: dadu mbili zimefunikwa kikombe, mwenzako akachungulia akasema, "Sita imo." Je, uwezekano wa zote mbili kuwa sita ni 1/6, kama unavyoshikilia wewe, au ni 1/11, kama anavyosema yeye? Inategemea hiyo sita imejulikanaje.

Chora jedwali la mistari 6 na safu 6: mistari iwe ya dadu nyekundu, safu ziwe za nyeupe. Unapata visanduku 36 vyenye nafasi sawa. Habari ikija, kata kila kisanduku isichokiruhusu. Asili ya sehemu yako sasa ni idadi ya vilivyobaki, si 36 tena. Hapa pakikosewa, hesabu nzima imeharibika.

Mwenzako kama ameziona zote mbili na kazi yake ni kukwambia tu sita imo au haimo, hesabu visanduku: 6 vya mstari wa nyekundu yenye sita, 6 vya safu ya nyeupe yenye sita, utoe 1 cha kona, chenye sita mbili, kilichohesabiwa mara mbili. Vinabaki 11, na chenye sita mbili ni kimoja tu. Yeye ndiye aliyepatia: 1/11. Anayepata 1/12 amesahau kukitoa kile cha kona.

Akisema "Nyekundu ni sita", unabaki na mstari mmoja wa visanduku 6, na jibu ni 1/6.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Tuseme ameingiza mkono bila kutazama, akatoa dadu moja, ikawa sita. Hapo pia sita imo, lakini jibu si 1/11. Vile visanduku 10 vyenye sita moja, nusu ya mara angetoa ile dadu nyingine, usingeiona sita. Kwa hiyo vyote 10 vina uzito wa 5 tu, na cha sita mbili kina uzito wake kamili wa 1. Unapata 1 kati ya 6, yaani 1/6. Maneno ni yale yale, jibu limebadilika, kwa hiyo kabla ya kukata kisanduku chochote uliza alionaje.

Kwenye karata ni hivyo hivyo. Ree ya kwanza ni 4/52. Ukishaiona, ya pili ni 3/51. Lakini karata ya kwanza ikiwekwa kifudifudi bila kuonwa, ya pili kuwa ree ni 4/52 vile vile. Karata kutoka haitoshi; lazima uijue.

Kama bado mnabishana, tupeni dadu mara 360. Mitupo isiyo na sita msiiandike kabisa. Mtabaki na kama 110, na sita mbili zitatokea kama mara 10. Zikija 7 au 13 msishtuke, ni kawaida kwa idadi ndogo hivyo, endeleeni kutupa.

Mama yako