Kumzalisha mbwa wa kuwindia ili mbegu yake isipotee

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkulima wa upande wa Mkwaja, wilaya ya Pangani. Nina mbwa jike wa miaka mitatu, wa kuwindia na kulindia shamba. Mbegu hii ilianza kwa babu, na sifa yake ni kwamba akikamata windo hukaa nalo mpaka ufike, halirarui wala halili. Sasa wamebaki wawili tu, yeye na kaka yake wa tumbo moja. Je, inafaa nimzalishe? Naweza kumpandisha na kaka yake? Kuna mtu Muheza ana dume zuri, anataka elfu hamsini kwa kupandisha, nimlipe? Watoto watakaozidi naweza kuwauza? Na mke wangu ana wasiwasi na najisi siku ya kuzaa.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, mbwa wa kuwinda ametajwa katika Qur'ani yenyewe, Suratul Maida aya ya 4, ambapo Mwenyezi Mungu amehalalisha kile wanachotukamatia wanyama tuliowafunza. Na Mtume (rehma na amani zimshukie) alipoeleza kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa na ujira wake kila siku, aliwatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wako ana kazi mbili kati ya hizo tatu.

Kuhusu kuzalisha, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilizungumzia jambo lililo jirani kabisa na lako: mtoto wa mbwa ambaye bado hajui kuwinda, je, inafaa kumfuga? Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inafaa, ikiwa nia ni kumfunza kazi hiyo. Basi kumzalisha ili upate wa kufunza kunafaa pia. Lakini ruhusa hii imefungwa kwenye kazi. Shamba lako na uwindaji wako vikihitaji mbwa watatu, wa nne na wa tano wanaofugwa kwa ajili ya sifa za kijijini hawana udhuru huo.

Kaka na dada. Mbwa hana nasaba ya kisheria wala maharimu, kwa hiyo huandikiwi dhambi ya ndoa kwa mbwa ndugu kupandana. Kinachokuzuia ni madhara, na kumdhuru mnyama uliyemshika mkononi ni jambo utakaloulizwa. Mtoto wa kaka na dada, kwa wastani robo ya urithi wake (asilimia 25) huwa ni kitu kile kile kilichomjia mara mbili, kwa baba na kwa mama, kutoka kwa babu au bibi mmoja. Kasoro iliyokuwa imejificha kwa wazazi hupata nafasi ya kutokea. Utaona tumbo lina watoto wachache, wengine wanazaliwa wafu, madume yana korodani moja iliyobaki ndani, na wanaoishi wanaangushwa na magonjwa ambayo wenzao huyashinda. Wengi hudhani ndiyo njia ya kuitunza mbegu, na mara nyingi ndipo inapokatikia.

Fanya hivi. Jike lako lipande kwa dume la Muheza. Kaka yake naye mpeleke kwa jike la mtu mwingine, lisilo na udugu wowote na hawa, na lenye kazi nzuri porini. Hapo utakuwa na matumbo mawili, na kila tumbo lina nusu ya damu ya mbwa wa babu. Baadaye chagua aliye bora wa tumbo hili na aliye bora wa tumbo lile uwakutanishe. Hao ni watoto wa ndugu, na kiwango kile cha asilimia 25 kinashuka hadi 6.25. Mbegu umeirudisha pamoja bila kuibana. Weka daftari: jina, baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, na tabia yake kwenye windo. Kichwa husahau katika kizazi cha tatu, daftari halisahau.

Kabla ya yote mkague dume, na jike lako pia. Kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, umezoeleka sana kwa mbwa wanaozurura: vinyama vyekundu vyenye vidundu kama koliflawa sehemu za siri, na matone ya damu ambayo mtu huyadhania ni joto, yaani msimu wa jike kutaka dume. Hutibika kwa daktari wa mifugo, lakini asipandishwe mpaka apone. Muulize pia daktari kuhusu kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba.

Siku hesabu tangu tone la kwanza la damu. Kwa kawaida siku tisa za mwanzo jike humkataa dume, kisha baina ya siku ya 10 na ya 14 damu inafifia hadi rangi ya majani makavu, na ukimgusa kiuno anaupeleka mkia kando. Kwa kuwa una safari ya kuvuka mto hadi Muheza, fika siku ya tisa. Wapandishwe mara mbili, ukiruka siku moja katikati. Watanasana kwa dakika 5 hadi 45. Msiwavute wala msiwamwagie maji, maana mnaweza kuwajeruhi wote wawili. Ukirudi nyumbani mfungie mpaka wiki tatu za joto zitimie. Tumbo moja linaweza kubeba watoto wa madume mawili, na dume la jirani likiingia usiku mmoja tu, daftari lako limeharibika.

Sasa elfu hamsini. Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza malipo ya dume la kupandisha. Katika madhehebu yetu haifai kuuza mbegu ya dume, na kulikodisha kwa kazi hiyo pia haifai, kwa sababu unacholipia hakijulikani wala mwenye dume hawezi kukukabidhi. Lakini Tirmidhi amepokea kwa Anas kwamba mtu mmoja aliposikia katazo hilo alisema, sisi huazima madume yetu kisha tukakirimiwa, na Mtume akaruhusu ule ukarimu. Basi mwambie mwenye dume aliazime kwa ajili ya Allah. Baada ya hapo mpe unachotaka kwa hiari yako, pasiwe na bei iliyotajwa kabla wala deni la kudaiwa baada. Chakula cha dume siku zile mbili ukinunua wewe ni vizuri. Mapatano ya "utanipa mtoto mmoja" nayo ni malipo, tena ya kitu kisichojulikana kama kitazaliwa. Ukimpa mtoto mwenyewe bila sharti, hilo ni jambo jingine. Na wala asidai kuwa watoto ni wake, kwani mtoto wa mnyama humfuata mama.

Kuuza watoto: hapana. Katazo la thamani ya mbwa liko katika Bukhari na Muslim, na madhehebu yetu hayamtoi wa kuwindia. Wanazuoni wa Hanafi wanaruhusu, nami nakueleza ili usimkufurishe wala kumtukana jirani anayefuata kauli hiyo. Kwako wewe njia iliyo safi ni kumwachia mkulima au mwindaji anayemhitaji, bila bei. Hata wasia wa mbwa wa kuwindia unasihi, na nadhani ndivyo mbegu hii ilivyokufikia. Anayemchukua akikutuma umnunulie chanjo kwa niaba yake, fedha hiyo ni ya daktari, akulipe bila wasiwasi. Wale dhaifu au wasio na kipaji wasitupwe porini kwenye gunia. Mtu alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wewe umesababisha hawa kuzaliwa, na chakula chao ni wajibu wako mpaka wapate mtu.

Siku ya kuzaa ni kama ya 63 tangu kupandwa, huweza kuwa 58 au 68. Banda liwe nje ya nyumba, kavu, lisilovuja, maana malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37, kwa kawaida atazaa ndani ya siku moja. Mwache afanye mwenyewe. Muite daktari akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au yakipita masaa mawili ilhali wengine wamo, au maji ya kijani yakitangulia kabla ya mtoto wa kwanza. Kila mtoto anyonye dang'a siku hiyo hiyo. Dawa ya minyoo wiki ya pili, kisha kila baada ya wiki mbili. Chanjo ya kuhara damu wiki ya sita hadi ya nane. Ya kichaa cha mbwa mwezi wa tatu. Asiondoke kwa mama kabla ya wiki nane.

Mwambie mama watoto asiogope. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, najisi haihami. Penye maji, mate au damu ya uzazi, osha mara saba, mojawapo kwa udongo, na bora iwe ya kwanza. Ondoa kwanza ile damu yenyewe. Maji yote yanayotumika mpaka itoke huhesabiwa mara moja. Chukua konzi ya udongo safi, ukoroge kwenye maji mpaka yawe ya tope, upitishe kila mahali palipoguswa, kisha maji matupu mpaka zitimie mara saba. Sabuni haishiki nafasi ya udongo. Na kwenu Pangani angalieni: mchanga wa chenga wa ufukweni uliooshwa na bahari, usio na vumbi, hautoshi. Tenga kanzu kuukuu moja ya bandani na mambo yatakuwa mepesi.

Limebaki jambo moja. Ile sifa unayoitunza, kukamata bila kula, ndiyo sharti la sheria. Mtume alimwambia Adiyy bin Hatim kwamba mbwa akila katika windo, usile, kwa kuwa amejikamatia mwenyewe. Lakini hukumu hairithiwi kwa damu. Kila mtoto atafunzwa peke yake: umtume aende, umkataze aache, akamate asile, na yajirudie mpaka uridhike kuwa imekuwa tabia. Kulamba damu hakumharibii. Akila nyama siku moja, windo lile si halali na mafunzo yanaanza upya. Taja jina la Allah unapomtuma. Kwetu ni sunna, lakini wanazuoni wengine wameliweka kuwa sharti, usiliache. Ukifika windo lingali hai wazi, chinja. Alama ya meno haikatwi ikatupwa, huoshwa mara saba kwa utaratibu ule ule.

Na kwa kuwa mko mpakani mwa hifadhi ya Saadani, usimtume ndani ya hifadhi, na nje yake chukua kibali kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, uulize na masharti ya kutumia mbwa. Huko kuna mbung'o pia, nzi anayeambukiza maradhi kwa kuuma. Mbwa akianza homa, akakonda, na jicho likaingia ukungu wa samawati, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kabla hujafikiria kumpandisha.

Wallahu aalam.