Mumeo si mchoyo, Mama K., na pesa umeshatoa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Mume wangu ni askari wa JWTZ, sajenti wa siku nyingi. Kinachoniumiza ni roho yake mbaya kwa ndugu zangu. Mdogo wangu wa mwisho alimaliza kidato cha nne, sasa ana miaka 26 na mtoto mmoja, anahangaika na dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nimemsihi mume wangu amshike mkono aingie jeshini, hata kwa neno moja kwa wakubwa zake, anasema hawezi. Tangu arudi Kongo mwanzoni mwa 2018 amekuwa mkali, habari za jeshi hataki zizungumzwe ndani ya nyumba. Mama mkwe naye anamtia maneno. Juzi aliniambia mbele ya watoto kwamba jeshi si shamba la baba yangu. Bahati nzuri nimempata mtu mwenye konekisheni Dar. Anahitaji milioni mbili na nusu. Amesema umri utarekebishwa kwenye cheti cha kuzaliwa na mtoto hatatajwa. Anachotaka zaidi ni jina la mume wangu na namba yake ya jeshi, kama mdhamini. Mume alipolisikia hilo alifoka, akalala sebuleni wiki nzima. Sasa tunasubiri tarehe ya kuripoti depo, ila simu ya yule mtu siku hizi haipatikani vizuri, na wenzangu wa kikoba wameanza kunisumbua. Nafikiria nirudi kwa mama Sengerema mpaka mume alegeze moyo. Nishauri. — Mama K., Buhongwa*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako wiki nzima. Pole yangu inaishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, kwa sababu kuna mahali pana shimo. Juu umeandika kwamba huyo mtu anahitaji milioni mbili na nusu. Chini mnasubiri tarehe ya kuripoti depo. Mtu ambaye hajalipa hasubiri tarehe, Mama K. Halafu wanatokea wanawake wa kikoba, ambao mwanzo wa barua hawakuwamo kabisa, wanakusumbua. Wanakusumbua kwa lipi? Pesa umeshatoa, umezikopa kikoba, na mumeo hajui. Yeye amesikia habari ya jina lake tu, na kwa hiyo peke yake amehamia sebuleni. Akisikia hili la pili sijui atahamia wapi.

Na simu ya mtu haiwi "haipatikani vizuri". Umepigwa, mwanangu. Huyo wa Dar hana konekisheni yoyote zaidi ya laini aliyoisajili kwa jina la bibi yake.

Kinachonisikitisha ni kwamba ungemsikiliza mumeo angekueleza bure. Jeshi likitaka vijana linatangaza hadharani, kwenye vyombo vya habari na kwenye tovuti yake, linaeleza sifa zote, na halitozi senti. Kwa kijana wa kidato cha nne, mlango wa kawaida unaanzia JKT. Maombi ya kujitolea yanapitia wilayani na mkoani, usaili unafanyika huko, na mkataba ni wa miaka miwili. JKT lenyewe wala halimdanganyi mtu. Kwenye matangazo yake linaandika wazi kwamba halitoi ajira, wala haliwajibiki kumtafutia kijana ajira akimaliza. Linamfundisha ukakamavu, uzalendo na stadi za kazi, akajitegemee. Wapo wanaochukuliwa baadaye na JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji. Wapo wanaoishia kulinda mageti na SUMA JKT. Na wapo wengi sana wanaorudi kwao na cheti na mabega mapana, basi.

Umri nao una kikomo, na cha mwenye kidato cha nne kiko chini kuliko cha mwenye shahada. Kwa miaka 26, mdogo wako ameshapitwa. Mumeo angekuwa jenerali bado angepitwa. Hapo "neno moja kwa wakubwa" lilikuwa la kuwaomba nini? Wavunje utaratibu kwa sababu shemeji anatoka Sengerema?

Tuje kwenye hiyo namba ya jeshi, maana hapa ndipo nilipoweka kikombe chini. Anayekuomba namba ya jeshi ya mumeo anakuomba kazi ya mumeo. Cheti cha kuzaliwa kilichopunguzwa miaka ni nyaraka ya kughushi, na kughushi ni jinai. Pesa ya kumpenyeza mtu ni rushwa, na sheria yetu ya rushwa ya 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Sasa weka jina la sajenti katikati ya uchafu huo. Siku ukilipuka, wa kwanza kuitwa ajieleze ni nani? Tapeli ambaye hata jina lake hulijui, au mwanajeshi mwenye kikosi, namba na kamanda? Utumishi wote huo, kiinua mgongo, ada za watoto wako watatu, vyote ulitaka kuviweka rehani kwa mtu uliyempata kwenye simu. Na unashangaa alifoka! Mimi ningefoka mpaka Nyegezi wanisikie.

Mama mkwe naye ulimtaja ili nimseme. Simsemi. Kusema mbele ya watoto alikosea, hilo nakupa. Lakini alichosema ni kweli tupu, na ningependa siku moja aje ninywe naye chai.

Mna tabia moja mbaya, na simsemi Mama K. peke yake. Binti akichumbiwa na mjeda, ukoo mzima unajiona umeajiriwa. Mjomba anataka bati, kaka anataka depo, shangazi anataka atibiwe hospitali ya jeshi kana kwamba na yeye aliapa. Mwanamume anaoa mke mmoja, anajikuta analisha kikosi. Na ndoa zenyewe za sasa zimekuwa za siri kwa siri. Mke ana kikoba ambacho mume hakijui, mume ana mkopo benki ambao mke hajauona, simu zimefungwa kwa namba, kila mtu anatembea na deni lake mfukoni, jioni wanakaa kula ugali wa sahani moja wakisema mambo ni shwari. Wazee walisema mficha uchi hazai. Siku hizi tunazaa vizuri tu, ila tunafichana hela. Wanaume nao wasicheke hapo walipo, barua zenu ninazo nyingi na zamu yenu itafika.

Turudi Buhongwa. Kuna mstari umeupita kama unavyopita mtu usiyemjua sokoni. Umesema mumeo amebadilika tangu arudi Kongo mwanzoni mwa 2018, kisha ukarudi haraka kwenye dagaa. Mimi hapo nilisimama. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wetu pale Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na waasi. Mapigano yalichukua saa nyingi. Watanzania wasiopungua 14 walikufa siku hiyo na wengine wengi walijeruhiwa. Majeneza yalikuja yamefunikwa bendera, nchi nzima ikaona. Julai 2013 tulikuwa tumeshawazika wengine saba kutoka Darfur.

Kama mumeo alikuwa Semuliki yenyewe au kambi nyingine, mimi sina namna ya kujua. Wa kujua ni wewe, na katika barua yako sioni dalili kwamba uliwahi kumuuliza. Hata kama hakuwepo, hao walikuwa watu aliokula nao, aliopanga nao foleni ya maji. Mwezi mmoja baadaye yuko nyumbani, na mkewe anamwambia: mwingize na mdogo wangu. Wewe umeliita hilo roho mbaya. Mimi nadhani anaogopa siku moja atatumwa yeye kwenda kumwambia mama yako kule Sengerema kwamba kijana anarudi ndani ya sanduku.

Askari wengi hawaongei. Sisi wa Mwanza wa rika langu, ukitukuta tumekaa, tutakusimulia vizuri sana jinsi ndege ya Libya ilivyokuja Machi 1979 kumsaidia Amin kwa kuupiga mji huu, mabomu yakaangukia kisiwani Saanane yakaua swala. Hadithi ya swala kila mzee anaijua. Muulize aliyevuka Kagera akaingia Uganda mwenyewe na bunduki begani, atakuuliza chai iko wapi.

Kwa hiyo usimlazimishe mumeo asimulie. Lakini kama usiku anashtuka, kama anafoka kwa jambo dogo, kama amekuwa mtu wa kukaa gizani, hilo lina matibabu, na kutibiwa hakumpunguzii mtu cheo cha uanaume. Kikosini wana waganga wao wa kuanzia. Bugando nako kuna madaktari wa afya ya akili. Mwambie kwa upole, siku nyingine, si siku utakayomwambia habari ya deni.

Mdogo wako sasa. Katika barua yote kijana mwenyewe hajafungua mdomo. Wewe unataka, tapeli anataka, mume hataki, mama mkwe hataki. Yeye je? Unasema anahangaika na dagaa. Mwaloni Kirumba, ambako malori yanapakia kwenda mpaka Kongo na Rwanda! Kijana wa miaka 26 anayejua giza la mwezi linaanza lini, anayejua dagaa wa kuanika juani na waliolowa mvua bei zao zinapishana vipi, huyo ana kazi. Mbalamwezi inamkatisha mapato, najua, na mshahara wa askari unaingia hata mwezi ukiwaka mpaka asubuhi. Ndiyo raha ya jeshi hiyo, na siikatai. Kuna kijana ambaye jeshi linamfaa kabisa: anaamka kabla ya jogoo, mchakamchaka na kwata havimtishi, akipigwa doso, ile adhabu ya kijeshi, anameza, hamkasirikii afande aliyempita mwaka mmoja tu. Huyo akifika Kihangaiko kwenye mafunzo ya awali anaiva, na akiwa na kichwa cha shule anaweza kusomeshwa udaktari au uhandisi, hata kufika Monduli akatoka ofisa. Lakini anakwenda kwa miguu yake na kwa vyeti vyake halisi. Halafu anahamishwa Mtwara leo, kesho Kigoma, keshokutwa anatumwa nchi ambayo mama yake hawezi hata kuitamka. Dada hawezi kumtakia mtu maisha hayo kwa niaba yake.

Na yule mtoto "hatatajwa". Wewe ndiye shangazi yake, Mama K. Shangazi wa damu, si wa gazeti kama mimi. Umekubali mtoto wa mdogo wako afutwe kwenye karatasi ili baba yake avae kombati? Hapo sina la kuongeza, nakuachia ulale nalo.

Sasa fanya hivi. Leo jioni watoto wakilala, mwambie mumeo yote: kiasi, tarehe, ulikozitoa. Usianze na kilio, anza na kiasi. Atafoka tena, mwache. Kama jina lake na namba yake ulishazituma, na hilo nalo nalishuku kwa sababu hukuliandika, mwambie kabla ya kitu kingine chochote, akajieleze kwa mkuu wake mwenyewe akiwa wa kwanza kusema. Jumbe za simu na miamala usifute hata mmoja. Kisha nendeni wawili polisi, au pigeni 113 TAKUKURU, na mkatafute kwanza ushauri wa mwanasheria, kwa sababu wewe ulikuwa unatoa na hutaingia pale kama malaika. Pesa sikuahidi kwamba itarudi.

Kikoba, nenda kwa mwenyekiti wenu uombe kulipa kidogo kidogo. Watakusema mwezi mzima, watachoka. Usithubutu kukopa kwingine kuziba hilo, na mtaji wa dagaa wa mdogo wako usiuguse.

Sengerema usiende. Najua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena kungoja kivuko, mtu akinuna kidogo saa hiyo hiyo yuko kwa mama yake. Ukiondoka sasa, mumeo atasikia habari ya deni kutoka kwa mwanamke wa kikoba aliyekuja kugonga mlango, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea.

Mdogo wako naye mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, kesho asubuhi. Nenda Mwaloni umwambie hakuna depo, kabla hajauza mizani yake na kuwaaga wenzake.