Walimwaga chai kisa bei?

SWALI: Shikamoo mhariri, hapa kijiweni Kiborloni tumebishana mpaka chai ya rangi ikapoa, jamaa anasema watu wa Boston walimwaga chai baharini kisa bei ilipanda, ni kweli? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Jamaa kakosea, tena kinyume kabisa! Boston ilikuwa kwenye koloni la Waingereza kule Amerika, na sheria yao ya chai ya 1773 iliishusha bei, maana kampuni ya Waingereza ya East India ilikuwa na chai kibao imejaa stoo London haitoki, ikaruhusiwa kuipeleka Amerika moja kwa moja. Sasa shida nini? Ushuru ulibaki, na Boston hawakuwa na mbunge hata mmoja kule London wa kuwasemea, wakaona hiyo bei chee ni mtego wa kuwazoesha kulipa. Wauza magendo nao riziki ilikuwa inakatika, hilo watu hulisahau. Basi usiku wa tarehe 16 Desemba wakapanda meli tatu zilizoleta chai hiyo, wamejipaka masizi usoni wakijifanya Wamohawk, kabila la wenyeji wa Amerika, wakapasua masanduku 342 kwa shoka, yote majini. Maji yalikuwa yamekupwa bwana, chai ikarundikana ubavuni mwa meli mpaka ikabidi waisukume. Na ilitoka China hiyo, sio India.